Anayeuliza juu ya coltan aulize pia juu ya shati

Kwa zaidi ya miaka ishirini, watu wa mashariki ya Congo wamekuwa wakiwauliza watu wa nchi za mbali swali moja: simu hiyo mliyoshika mkononi, madini yake yalichimbwa na nani, na nani alilipwa ili yapite? Mwanzoni swali hilo lilibebwa na mashirika ya raia, maaskofu, wanasheria na waandishi wa habari wa Bukavu na Goma, na wengi waliona wanapoteza wakati. Lakini likafika Washington, ambako mwaka 2010 sheria ya Dodd-Frank iliwekewa kifungu namba 1502 juu ya madini yanayotoka Congo na nchi jirani zake. Likafika Brussels pia. Tangu tarehe 1 Januari 2021, makampuni ya Umoja wa Ulaya yanayoagiza kwa wingi bati, tantali, wolframu na dhahabu yanatakiwa kuchunguza yanakotoka. Sheria hizo hazikumaliza vita. Mkaaji wa Masisi ama Walikale hahitaji kuambiwa hilo. Lakini zilikubali jambo moja kubwa, kwamba mnunuzi aliye mbali hawezi kunawa mikono na kusema: mimi nilinunua tu.

Sasa swali hilo hilo ligeuzwe upande wa pili. Kijana anayeandamana akidai dunia iangalie damu iliyo ndani ya simu amevaa shati na suruali. Zilishonwa na nani? Kwa mshahara gani? Pamba yake ilitoka shamba la nani? Hapo kunakuwa kimya. Halisikiki kanisani, halisikiki bungeni, na hata katika vyuo vikuu ambako kila mwaka wanafunzi wanaandika juu ya madini ya damu, ni nadra kukuta mmoja aliyeandika juu ya nguo aliyovaa siku ya kutetea kazi yake. Kama kanuni ni ya kweli kwa coltan, haiwezi kukoma inapofika kwenye kola ya shati.

Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza liliporomoka muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi. Ndani yake kulikuwa na viwanda vitano vya nguo. Siku moja mbele, nyufa kubwa zilikuwa zimeonekana katika kuta na nguzo. Benki na maduka yaliyokuwa chini yalifunga milango na kuwaambia wafanyakazi wao wabaki nyumbani. Wafanyakazi wa nguo, wengi wao wasichana na akina mama vijana, waliamriwa warudi kwenye mashini zao, na wengine walitishwa kwamba asiyeingia hatapata mshahara wa mwezi. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na zaidi ya 2,500 wakajeruhiwa. Mshahara wa chini wa kisheria katika kazi hiyo ulikuwa taka 3,000 kwa mwezi, karibu dola 38. Viwanda hivyo vilikuwa vikishonea majina makubwa ya Ulaya na Amerika, kati yao Primark na Benetton.

Watu wa mashariki ya Congo hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Wanajua namna inavyokuwa pale udongo unapoporomoka juu ya wachimbaji wa Rubaya, ndugu wanachimbua kwa mikono, na kesho yake wengine wanashuka tena katika shimo kwa sababu nyumbani hakuna unga. Wanajua pia kwamba aliye chini ya udongo anapata kidogo kuliko wote katika mnyororo mzima, na kwamba aliye juu yake kila mara ana karatasi inayoonyesha kwamba yeye hakujua. Rana Plaza ulikuwa mgodi, ila badala ya chepeo kulikuwa na mashini za kushonea.

Na nguo zilizoshonwa katika viwanda vya namna ile hazikubaki Ulaya. Nguo ya bei ya chini inavaliwa msimu mmoja ama miwili, kisha inatupwa katika kasha la msaada kando ya barabara. Inachambuliwa, inabanwa ndani ya balo, inapanda meli, inashuka Mombasa ama Dar es Salaam, inapakiwa katika lori, na mwishoni inafunguliwa Virunga kule Goma, Kadutu kule Bukavu, ama katika masoko ya Uvira na Bunia, huku wateja wakigombania ya juu. Hakuna anayeweza kusema shati gani lilitoka katika mkono gani. Gunia la madini, hata kama watu wanadanganya nalo, lina etiketi ya mgodi wake. Nguo ina etiketi ya jina la tajiri na jina la nchi, basi.

Hapa lazima kusimama kidogo, kwa sababu ni rahisi sana kuyageuza maneno haya kuwa fimbo ya kuwachapa maskini. Mama aliyekimbia vita na watoto wanne na kikwembe kimoja mgongoni, akipata koti la mtoto kwa franka chache katika lundo la mitumba, hana deni kwa mtu yeyote. Kosa linaanza pale ambapo mtu aliweza kuchagua. Mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 18, Immanuel Kant, alishikilia kwamba wajibu hauwezi kumdai mtu jambo lililo nje ya uwezo wake, na bibi yeyote wa kijijini angemwambia hivyo bila kusoma. Ushauri unaotolewa leo katika miji ya Ulaya, ule wa kununua kidogo na kununua kizuri, ni ushauri wa mtu mwenye kabati. Asiye na kabati anavaa kinachopatikana, na balo inamvalisha vizuri kuliko serikali yake ilivyowahi kumvalisha.

Basi swali si kama maskini ana hatia. Swali ni nani katika nchi hii ana uwezo wa kuchagua, na anautumia namna gani. Lakini kabla ya kufika hapo kuna hesabu nyingine ya kufungua, kwa sababu Congo haikuingia katika biashara ya nguo kama mnunuzi. Iliingia kama mkono wa kulima.

Mwaka 1917, utawala wa Wabelgiji uliweka amri juu ya mashamba ya lazima, na pamba ikawa kati ya mazao yake makubwa. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza, kisha pamba ikaenea Sankuru, Uele, Tanganyika na kwingineko. Mwaka 1920 ikaundwa kampuni kubwa ya pamba, Cotonco. Mpango ulikuwa mwepesi kueleza na mzito kubeba: kila familia ilipewa kipimo cha shamba, mavuno yalinunuliwa na kampuni moja tu katika eneo lake, na bei ilipangwa ofisini. Mkulima hakuwa na mahali pengine pa kuuzia. Aliyekataa alijua kiboko na gereza. Muda wa kupalilia muhogo na mpunga uliliwa na pamba, na njaa ikaingia katika nyumba ambazo hazikuijua. Mwanahistoria Mkongomani Osumaka Likaka aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya vijiji vya pamba, kilichotoka mwaka 1997, na anayekisoma anaona kwamba wakulima hawakunyamaza: wengine walihama na kujificha porini, wengine walilima shamba dogo kuliko lile lililoandikwa.

Pamba hiyo ilivuka bahari na kulisha viwanda vya Ubelgiji. Kwa hiyo mtu wa Kasongo ama Kongolo anaposikia leo kwamba bei ya chini ya shati inalipwa na mtu mwingine asiyeonekana, hasikii habari ya Bangladesh peke yake. Anasikia habari ya babu yake.

Viwanda vilikuja baadaye, na vilikuwa na upande wao mzuri. Kalemie ilikuwa na Filtisaf, iliyosokota na kufuma pamba kando ya ziwa Tanganyika. Kisangani ilipata Sotexki. Kinshasa ilikuwa na kiwanda kikubwa cha vikwembe kilichobadilisha majina tangu Utexléo hadi Utexafrica. Watu walisomesha watoto kwa mishahara ya pale. Namna viwanda hivyo vilivyozimika inajulikana na haihitaji kurefushwa: mashirika kunyanganywa wenyewe na kupewa wakubwa wa serikali mwaka 1973, uporaji wa mwaka 1991 na 1993, vita tangu 1996, umeme unaokuja na kupotea, na vitambaa vya nje vinavyopita mpakani bila ushuru. Filtisaf imenyamaza. Sotexki imeyumba miaka na miaka. Na mahali ambapo mashini za Utexafrica zilikuwa zikivuma, leo jina hilo ni la makazi ya kifahari na maofisi, ambako mpangaji analipa kwa dola. Nchi iliyolazimishwa kulima pamba kwa kiboko imeshindwa kuifuma kwa hiari.

Kuna wanaosema: angalau kikwembe ni chetu. Hapo pia mambo hayako wazi. Kikwembe cha wax kinachoheshimiwa kuliko vyote, kile ambacho mama anakifungia katika sanduku na kukitoa siku ya mahari, kinatoka Helmond, nchini Uholanzi, katika kiwanda cha Vlisco kilichoanzishwa mwaka 1846. Na Waholanzi wenyewe hawakuvumbua. Waliiga batiki ya kisiwa cha Java, ambayo mafundi wa kule walikuwa wakiichora kwa nta na mikono, wakaitengeneza kwa mashini, kisha wakapata soko zuri zaidi katika pwani ya Afrika Magharibi. Leo viwanda vya China vinawaiga Waholanzi, vikwembe vyake vinajaa katika maghala ya Butembo na Lubumbashi kwa bei ya chini zaidi, na Waholanzi wanalalamika kwamba wameibiwa. Kicheko hapa kinaruhusiwa.

Kilichofanya kitambaa hicho kuwa cha Afrika si kiwanda. Ni akina mama wa sokoni. Wao ndio walioangalia mchoro na kuupa jina, kama ule unaoitwa Mari capable, na jina likishika, kitambaa kinauzika kutoka Lomé hadi Kinshasa. Jina ni kazi. Ni biashara, ni utangazaji, ni ushairi wa mwanamke anayemwambia mume wake jambo bila kufungua mdomo. Katika nchi nyingine kazi ya namna hiyo ina mshahara na mkataba. Huku wenye kutoa majina walibaki na faida ya mita chache walizouza, na kiwanda kikabaki na chapa. Ukiuliza nani ameiba hapo, wanasheria watakujibu kwamba hakuna. Wanasheria hawajibu kila swali.

Turudi kwenye balo, maana ndiko nchi nyingi za eneo hili zimegombana. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua hadi kuifuta mwaka 2019, ili viwanda vya nguo vya ndani vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakapeleka malalamiko kwa serikali yao. Washington ikatishia kuondoa nafasi ya kuuza bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikarudi nyuma kwanza, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda haikurudi, ilikuwa imepandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.5 kwa kilo moja, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia faida za AGOA katika nguo. Kilichofuata watu wa Goma na Bukavu walikiona kwa macho: mabalo yaliyokatazwa upande mmoja yakaanza kuvuka mpaka usiku, safari hii yakitoka Congo kuingia Rwanda.

Congo yenyewe ni mwanachama wa Jumuiya hiyo tangu mwaka 2022. Siku moja swali litawekwa juu ya meza yake, na ni vizuri lisijibiwe kwa wimbo wa uzalendo. Kukataza mitumba bila kiwanda ni kuvua watu nguo kwa sheria. Maelfu ya akina mama wanaishi kwa kufungua balo moja, kuuza, kulipa deni na kufungua nyingine. Hao hawana bima, hawana malipo ya uzeeni, na balo ndiyo shule ya watoto wao. Lakini kuacha mambo yalivyo kuna gharama pia. Fundi wa kushona wa Kadutu hawezi kushindana na shati ambalo mwenyewe wa kwanza alilitupa. Na ndani ya balo, kila mwaka, zinaongezeka nguo dhaifu zisizofaa hata kudekia, za polyester inayotokana na mafuta ya petroli, ndugu wa chupa za plastiki zinazoelea na kuziba mitambo ya umeme kwenye mto Ruzizi. Mwenye kununua balo haruhusiwi kuifungua kwanza. Akikuta taka, hasara ni yake, na taka inabaki Congo.

Kuna neno la zamani la Watanzania kwa nguo hizi: kafa Ulaya. Wakaaji wa Ghana nao waliziita nguo za mzungu aliyekufa. Watu wa pande mbili za Afrika, bila kuwasiliana, walifikia wazo moja: nguo nzuri namna hii, mwenyewe lazima awe amekufa. Haikuwaingia akilini kwamba mtu mzima, mwenye afya, anaweza kuitupa kwa sababu tu amechoka kuiangalia. Na kuna zaidi ya kutupa. Kampuni ya Uingereza Burberry ilitangaza katika ripoti yake kwamba katika mwaka wake wa hesabu uliokwisha 2018 iliharibu mali yake mpya ambayo haikuuzika, yenye thamani ya pauni milioni 28.6, ili isije ikauzwa kwa bei ya chini na kushusha heshima ya jina. Makelele yalipozidi, ikaahidi kuacha. Wazo lililokuwa nyuma ya tendo hilo ndilo la kushikwa: kuna nguo ambayo thamani yake iko katika kuhakikisha kwamba fulani hataivaa.

Wengine watasema Wakongomani hawana mdomo wa kulaumu hapo, kwa sababu nchi hii ndiyo ya sapeur. Lawama hiyo inastahili jibu. Katika miaka ya 1970, serikali ya Mobutu, kwa jina la kurudia asili, iliwakataza wanaume suti na tai, wakavaa abacost, na wanawake wakakatazwa suruali na nywele za bandia. Eti heshima ya Mwafrika ilipaswa kukaa katika kola iliyochaguliwa na chama. Kijana wa Kinshasa aliyevaa koti la Paris au la Japani wakati huo hakuwa anaringa tu. Alikuwa anasema mwili huu ni wangu. Papa Wemba aliyebeba ujumbe huo jukwaani, naye mzaliwa wa Lubefu katika Sankuru ya pamba, alifia kwenye jukwaa la Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, miaka mitatu kamili baada ya Rana Plaza. Tarehe hizo zilikutana kwa bahati tu. Lakini zinakaa vibaya pamoja: upande mmoja mtu aliyefundisha kwamba nguo inaweza kumsimamisha mtu aliyeinamishwa, upande mwingine watu waliokufa wakiwa wameinama juu ya nguo.

Upendo wa Mkongomani kwa nguo safi si ugonjwa wa kutibiwa. Mtu aliyeporwa nyumba, shamba na kura, akitoka asubuhi na shati lililopigwa pasi kwa makaa, anakataa kuitwa takataka. Ubaya unaanza pale ambapo heshima inageuzwa kuwa mlango na wengine wanafungiwa nje. Na mlango huo hauko Paris. Uko katika harusi za Goma na Bukavu, ambako kamati inachagua kitambaa cha sare, inatangaza bei, na shangazi asiyekuwa na pesa anapata ugonjwa wa ghafula siku ya sherehe. Uko katika tarehe 8 Machi, siku ya haki za wanawake, ambayo kila mwaka inafika ikiwa imevaa kikwembe chake rasmi, na kuna nyumba ambako siku ya haki ilianza kwa ugomvi wa pesa ya kikwembe. Sare ilibuniwa ili watu wafanane. Inaishia kuonyesha nani hayupo.

Hapo ndipo wenye uwezo wa kuchagua wanapoonekana, na wanahesabika. Si mama wa lundo. Ni wizara, makampuni na mashirika yanayoagiza vikwembe vya Machi kwa maelfu. Ni jeshi na polisi, ambao sare zao zinalipwa na hazina ya nchi. Ni kamati za harusi zenye kununua vipande mia moja siku moja. Na juu ya wote, ni shule. Mtoto wa Congo anakwenda shule akiwa amevaa shati nyeupe na chini bluu, kutoka Aru hadi Kasumbalesa. Tangu mwaka 2019 serikali imetangaza masomo ya msingi ni bure, lakini sare haimo; mzazi anaitafuta mwenyewe, na katika Septemba masoko yanajaa nyeupe na bluu vilivyoshonwa mbali. Hakuna katika nchi hii soko la nguo moja, la rangi zile zile, la kila mwaka, kubwa kuliko hilo. Tajiri yeyote wa kiwanda angelipigia magoti. Congo inalo, na haijawahi kukaa chini kuuliza linamlisha nani.

Jibu la kawaida ni kwamba serikali haina nguvu, na mashariki leo ni vita. Kuna miji ambako hata nani anakusanya kodi ni swali la bunduki. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya shule za nchi inaendeshwa na makanisa, Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti na wengine, chini ya mapatano na serikali tangu mwaka 1977. Mtandao huo haukukatika vita vilipobadilisha mikono. Makanisa hayo ndiyo yaliyosimama mbele kupeleka swali la coltan hadi Washington na Brussels, na yalifanya vizuri. Yanajua namna ya kuuliza kitu kimetoka wapi. Yana wazazi wanaokusanyika kila wiki, yana vyama vya akina mama na vituo vya ufundi ambako wasichana, wengi wao waliopitia jeuri ya vita, wanafundishwa kushona, wanapewa cheti na mashini, kisha wanarudi nyumbani kukosa wateja.

Mkataba wa kwanza unaweza kuwa mdogo. Shule za dayosisi moja, mwaka mmoja wa masomo, shati na sketi ama suruali. Kitambaa kitoke Kisangani kama kinapatikana, na kama hakipatikani kinunuliwe nje, ila muuzaji aandike kwenye karatasi kiwanda kilichokifuma na nchi kilikotoka, kama vile muuza bati anavyotakiwa kuandika mgodi wake. Mshono ufanywe hapa, na malipo ya fundi kwa kila shati yabandikwe ukutani pale shuleni, ambapo mzazi analipa na anaweza kuyasoma. Mzazi asiyeweza kulipa kwa mara moja alipe kwa sehemu kuanzia Aprili, miezi ya mahindi na maharagwe, badala ya kungoja Septemba wakati bei imepanda na mtoto wake anabaki nyumbani wiki mbili kwa sababu ya rangi ya shati.